Uchochole Kilo Ngapi?

Kusadikika ni kitabu ambacho Watanzania wengi tuliopita sekondari tunakijua barabara bila kukisoma. Mshike mtu yeyote wa rika langu kituo cha daladala, mtajie jina hilo, atakumwagia dhamira, migogoro na ujumbe, kisha atamalizia na ile sentensi ya kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa. Amefaulu vipi, usimuulize. Darasani kwetu nakala ilikuwa moja, na hiyo moja ilikaa kwa mwalimu. Sisi tulikariri notisi za ubaoni, mtihani ukaja, tukazitapika, maisha yakaendelea.

Yangu yaliendelea mpaka nikaoa Tanga. Mimi ni mtu wa Mpwapwa, na Kiswahili chetu ni cha kazi: njoo, kaa, kula, lete chenji. Ukweni kwangu hata kukuomba usogee kidogo kwenye mkeka kuna utangulizi. Siku ya kujitambulisha, baba mkwe alinikaribisha kwa maneno yaliyoanza chai ikiwa ya moto na kwisha ikiwa imepoa, kisha ukumbi mzima ukanigeukia kungoja jibu. Nikasema, "Asante sana." Wakaendelea kunitazama. Nikaongeza, "Sana." Mke wangu mpaka leo anasema sikumwaibisha, ila huyasema hayo akiangalia dirishani.

Nikaona dawa ya moto ni moto. Shaaban Robert ni mtu wao, kazaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Basi nitajifunza kwa mwenyeji. Nakala ya Kusadikika niliipata kwa wauza vitabu vya mtumba wa kando ya barabara. Haikuwa na jalada, na aliyeimiliki kabla yangu alikuwa amepigia mstari karibu kila sentensi na pembeni akaandika "muhimu". Nyumbani nilikuwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la kwanza kabisa la 1981, niliyorithi kwa baba. Nikanunua na daftari. Mpango ukawa hivi: kila jioni kurasa chache, kwa sauti, maneno mageni yaingie daftarini, na kesho yake yatumike mtaani. Hilo la kutumika mtaani ndilo lililoleta mambo yote.

Kitabu chenyewe si kikubwa, ukikishika unadhani utakimaliza kabla ya taarifa ya habari. Thubutu. Nchi ya Kusadikika inaning'inia hewani, na sentensi zake nazo zinaning'inia. Unaingia kwenye moja ukiwa umeketi, unatoka ukiwa umesimama na kamusi mkononi. Karama ameshtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria, mshtaki wake anaitwa Majivuno, na utetezi wa Karama ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huko na huko kutafuta mema ya nchi. Kila mmoja alirudi na jambo la maana, na kila mmoja akaishia kuadhibiwa kwa taabu zake. Kilichapishwa 1951, Mwingereza bado yuko madarakani, na wasomaji wamekuwa wakimwona ndani yake tangu zamani.

Wajumbe hao majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hapo ndipo nilipomvulia kofia mzee. Neno nililolikuta kwenye kamusi peke yake nililisahau kabla sijaifunga kamusi. Lakini neno lililopewa masurufu, likapanda mlima, likavuka hatari, likarudi na zawadi kwa taifa kisha likatupwa gerezani bila kosa, hilo utalisahauje? Auni ikawa si msaada tu. Ikawa ni mtu aliyedhulumiwa, na mimi ni mdhamini wake.

Nadhani ni ukarani uliomfunza utaratibu huo. Alikuwa karani wa forodha Pangani kuanzia 1926 hadi 1944, kazi ya kuandika kila kinachoingia na jina lake. Baadaye akahamishiwa hadi Mpwapwa kwetu. Kwamba aliishi kwetu na hakutuachia walau maneno mawili ya akiba, hilo nitamuuliza akhera.

Wakati huo bibi yake mke wangu alikuwa amekuja Dar, tunakoishi, kutibiwa macho, akawa ndiye msikilizaji wangu. Huniita mume wangu, kama bibi yeyote amwitavyo mume wa mjukuu wake, na mke wangu humwita mke mwenzangu. Nikisoma, yeye huketi na kanga yake begani, macho ameyafumba. Nikisita tu, anajua.

"Umekwama wapi, mume wangu?"

"Auni, Bibi. Natafuta maana."

"Hilo nalo la kutafuta? Si ndilo nimwombalo Mungu kila alfajiri?"

Msamiati haukumshughulisha hata kidogo. Yeye alitaka kesi iishe. Kila Majivuno aliposimama kusema, Bibi alisonya, na siku moja aliuliza kama mtu huyo hana mama wa kumkanya. Nilimweleza kwamba Majivuno ni mhusika wa kubuni. Akaniambia yeye anamfahamu, nyumba yake iko karibu na msikiti.

Neno la kwanza kutoka nalo nje lilikuwa hilohilo auni. Saa kumi na mbili jioni, mkono mmoja mfuko wa unga, mkono mwingine kuku wawili wamefungwa miguu, daladala imejaa hadi mlangoni. Nikamwambia konda kwa sauti ya Kitanga niliyoifanyia mazoezi, "Ndugu yangu, niauni."

"Nani haoni?"

"Mimi. Niauni."

"Jamani, mpisheni mzee, haoni!"

Mlango ukafunguka mioyoni mwa watu. Kijana mmoja akanyanyuka, mama mmoja akapokea kuku, nikaongozwa mpaka kiti cha mbele. Ningeweza kueleza. Lakini kiti cha daladala cha saa kumi na mbili jioni, ukishapewa, hakirudishwi. Nikakaa, nikatazama mbele bila kuangalia kitu, kama nilivyoona inafaa. Tatizo lilikuwa kushuka. Binti aliyeshuka nami alinishika mkono kwa huruma, akanivusha barabara, akanikabidhi kuku wangu na kunitakia usiku mwema. Nyumba yangu iko upande tuliotoka. Nikangoja apotelee gizani, ndipo nikavuka tena.

Buruhani ilinipeleka pabaya zaidi. Nimekwenda duka la vifaa vya ujenzi, nimelipia mabomba, muuzaji ananisogezea mzigo na kunigeuzia mgongo. Nikaona huyu lazima apewe neno zima. "Kijana, naomba buruhani ya malipo."

"Bosi Burhani ametoka, kaenda kula."

"Simhitaji mtu. Nahitaji ushahidi."

Neno ushahidi lilisikika mpaka stoo. Muuzaji akamwita meneja, meneja akavaa miwani, akaniangalia viatu, akaliangalia daftari langu, akaniuliza kwa upole natokea ofisi gani. Nikamwambia natokea nyumbani. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa siri. Nilitoka pale na risiti ya mashine, soda baridi na punguzo ambalo sikuliomba. Hapo waliniona mtu wa mapato, na sikuona sababu ya kuwavurugia mchana wao.

Kwa rekodi hiyo, shemeji yangu alipotangaza kuoa, kikao cha kwanza cha kamati kilinichagua katibu kwa kauli moja. Sababu iliyotolewa ni kwamba mimi hutembea na daftari.

Kazi ya kwanza ya katibu ni ujumbe wa kuomba michango, wa kutumwa kwenye magrupu yote mawili: grupu la ndugu wa Tanga na grupu la ndugu zangu wa Dodoma, maana harusi siku hizi haijali nani kazaa nani, inajali nani ana simu. Nikaandika usiku kucha. Nikafuta "tunaomba mchango" mara nyingi kwa kuwa niliona ni lugha ya stendi. Mwisho nikatuma hivi: "Kwa taadhima kuu na nyoyo zilizojaa unyenyekevu, twawajulisheni ya kwamba kijana wetu mpendwa yu karibu kuiaga dunia ya ukapera. Katika saa hii adhimu twaomba auni na fadhili zenu, kwa hali na mali. Mola ajaalie kabuli."

Sasa, simu ina tabia moja. Ujumbe ukiingia, inakuonyesha mwanzo tu, kisha inakata panapoipendeza yenyewe. Dodoma nzima ilisomewa kwamba kijana wetu mpendwa yu karibu kuiaga dunia. Nukta tatu. Basi.

Wa kwanza kujibu aliandika "Pole sana." Wa pili akauliza amelazwa hospitali gani. Watu wakaanza kuandika Amina, na grupu likishaanza kuandika Amina hakuna anayerudi juu kusoma. Binamu yangu mmoja akaweka mshumaa. Mama mdogo, aliyeko Mpwapwa, alimpigia bwana harusi moja kwa moja, akamkuta kinyozi.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Naendelea vizuri, mama, namalizia ndevu."

"Usijikaze, baba. Ukichoka, pumzika."

Na fedha zikaingia! Hapo ndipo kichekesho kilipokuwa na faida. Ndugu zangu ambao mchango wa harusi huwatoa kwa kukumbushwa hadi siku ya sherehe yenyewe, safari hii walituma kabla ya saa nne asubuhi, na ya kutolea juu. Mama mdogo alituma elfu thelathini, akaandika "ya dawa". Mweka hazina wetu, dada mmoja mhasibu asiyecheka na fedha, aliulizwa kikaoni tuzirudishe au vipi. Alisema pesa haina kilio wala vigelegele, akaziingiza kwenye daftari lake kwa jina la "michango mingineyo". Mimi nikaagizwa kuandika ujumbe wa pili, wenye maneno yasiyozidi kumi, na upitiwe na mwenyekiti.

Upande wa Tanga hakukuwa na shida yoyote. Wao walisoma hadi mwisho, wakaelewa, na nadhani walifurahi kwamba mkwe wao sasa ana la kusema zaidi ya asante. Shida ilikuwa majibu. Mjomba wake mke wangu kutoka Pangani alijibu hivi: "Risala yenu tumeipokea kwa furaha. Nasi huku tulichojaaliwa mwaka huu ni uchochole, na inshallah tutakuja nao."

Niliusoma ujumbe huo kikaoni, nyumbani kwa mwenyekiti, kamusi ikiwa kwangu. Watu wakanitazama mimi, kwa kuwa ndiye mwenye daftari. Nikasema ni jambo la kushukuru. Ahadi za vitu tumezizoea: huyu mchele, yule mbuzi, yule nazi. Nikaandika kwenye safu ya ahadi: Mjomba, Pangani, uchochole.

"Ni samaki hao," alisema mwenyekiti, ambaye ni mtu wa Moshi lakini aliwahi kulala Pangani. "Wadogowadogo. Watamu sana."

Mama wa kamati ndogo ya chakula yeye alidhani ni aina ya mchele, ila akakubali samaki kwa heshima ya mwenyekiti, akauliza kama watahitaji barafu, na papo hapo akapunguza bajeti ya kitoweo. Mweka hazina alikuwa bado ameshika kalamu. Yeye safu tupu haimpi usingizi. "Uchochole kilo ngapi?" Ikabidi nipige simu, spika imefunguliwa, wote kimya.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kamati inashukuru. Inauliza tu, huo uchochole ni kilo ngapi?"

Kukapita kimya kidogo. Watu wa Pangani hawaharakishwi.

"Kwa kweli mwaka huu umezidi," akasema. "Haupimiki."

Kamati ikapiga makofi. Mwenyekiti akaagiza litafutwe sufuria lingine kubwa.

Jioni ile nilimkuta Bibi kitako uani, anachambua choroko kwa vidole kwa kuwa macho bado. Nikaona nimuulize mapishi mapema, tusije tukawaharibu wageni. "Bibi, uchochole wa Pangani hupikwa kwa nazi au hukaangwa?"

Ungo ulianguka. Alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani, akamwita mke wangu, akamwita na jirani, akanifanya nirudie swali mbele yao. Kisha akajifuta machozi, jambo ambalo daktari wake alikuwa amemkataza.

"Haupikwi huo, mume wangu. Ukiwa nao, hupiki."

Nikaingia ndani kufungua kamusi, ingawa kwa wakati huo haikuwa lazima. Umaskini, ufukara. Neno lenyewe limekaa pale tangu 1981 likinisubiri.

Kitoweo kikarudishwa kwenye bajeti kwa mjadala mkali. Lakini kwenye muhtasari wa kikao neno uchochole halikufutika, kwa sababu muhtasari ulikuwa umeshathibitishwa, na mweka hazina hafuti kilichothibitishwa. Siku ya harusi alikuwa mlangoni na orodha yake wakati Mjomba aliposhuka kwenye bajaji, kanzu nyeupe, mkewe nyuma na watoto wamepangana kwa urefu. Wakasalimiana vizuri. Kisha dada yule akapitisha kidole kwenye orodha, akasimama kwenye mstari wa Pangani.

"Mjomba, na ule uchochole wetu?"

Mjomba akatia mikono kwenye mifuko ya kanzu, akaitoa yote miwili nje, mitupu, akaishika ncha ili aione vizuri.

"Nimekuja nao wote," akasema. "Gawaneni."