Kilo Kumi Kabla ya Jumamosi

Tangazo linaahidi kilo 10 kwa siku 7, na harusi ni Jumamosi. Basi tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta mwilini ina takriban kilokalori 7,700, hivyo kumi ni 77,000, yaani 11,000 kwa siku. Bibi harusi asipotia kitu kinywani, mwili wenyewe utaunguza kama 2,000. Zilizobaki ni sawa na marathoni tatu kila siku, kisha aingie ukumbini kwa madaha.

Mtasema mizani haidanganyi, fulani kashuka kilo tatu kwa siku nne. Kashuka, nani kakataa? Sehemu kubwa ni maji. Wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hushikana na maji yenye uzito wa takriban mara tatu yake. Ukiususa ugali vyote huondoka, na pilau ya harusi huvirudisha kabla picha hazijasafishwa. Wengine watadai lengo dogo halitii hamasa. Kweli, nusu kilo kwa wiki haipendezi kwenye bango. Ila kamati ya harusi ilianza vikao miezi sita nyuma: hizo ni kilo 13, na wa kulalamika angekuwa fundi wa gauni tu.