Ndimu, Molasi na Mafuta ya Mtoto

Watu wa Mwanza tuna jambo moja la kuwatambia wenzetu wa Tanga na Zanzibar: maji yetu hayana chumvi, kwa hiyo mabati na baiskeli zetu zinadumu. Ni kweli, ila ni kweli nusu. Chumvi huichochea kutu, haiizai. Kutu inataka chuma, hewa na maji, na fundi wa Igogo au Kirumba anavyo vyote vitatu bila kwenda sokoni. Usiku boksi la spana lililolala kwenye sakafu ya saruji linapoa. Asubuhi hewa ya ziwa inaingia chini ya bati, inakuta chuma baridi, inaacha umande. Hata hiyo chumvi tunayoisingizia bahari tunaileta wenyewe kwenye jasho la kiganja. Tazama kwa karibu uso wa randa uliosuguliwa ukang'aa kisha ukaachwa wiki moja ya masika: kutu huanzia kwenye alama za vidole, na mistari yake husomeka vizuri kiasi kwamba polisi wangemjua aliyeishika mwisho bila kumhoji mtu. Wavuvi wa dagaa ndio wenye msiba mkubwa zaidi. Spana yao ya plagi hukaa ndani ya mtumbwi, chini ya ubao, imeviringishwa kitambaa kilicholowa, na hukumbukwa usiku ule injini inapozima katikati ya ziwa. Waliosema akiba haiozi hawakuwa na boksi la spana karibu na maji.

Madhara yake kila gereji inayajua. Koleo linakataa kufunguka, linafunguliwa kwa nyundo, na kuanzia hapo halifungi. Spana malaya, ambayo kazi yake yote ni kuikubali kila nati inayoletwa, inagandia kwenye namba 14 na kuolewa nayo moja kwa moja. Nati yenyewe inashika kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokitafuna. Inavimba ndani ya meno ya bolti na kujikaza. Fundi anaongeza bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, nguvu inapatikana, bolti inakatika, ngumi inatua kwenye chasisi, na mteja aliyekaa kwenye benchi anajifunza maneno mapya. Baada ya hapo huanza safari ya kutafuta dawa ya kopo dukani. Safari hiyo naipinga. Kuondoa kutu ni kazi rahisi, na vifaa vyake vipo jikoni. Kinachotushinda ni dakika tano zinazofuata baada ya kuiondoa, na hakuna kopo linaloziuza.

Kwanza tuelewane kuhusu tunachopigana nacho. Ng'ambo ya ziwa, Katuruka karibu na Bukoba, watu walikuwa wakitoa chuma kwenye mawe zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mawe yale yalikuwa chuma kilichoungana na oksijeni, yaani kwa lugha ya gereji, kutu. Kazi ya mkaa na mivukuto ilikuwa kuinyang'anya oksijeni. Spana inapoota kutu, basi, inarudi kwao tu, tena bila kuomba nauli. Hii ndiyo sababu dawa zetu zina mpaka: ndimu huyeyusha kutu, hairudishi chuma kilicholiwa. Anayelowesha msumeno uliobaki kama utando akitumaini utanenepa, anaiomba ndimu kazi ya tanuru.

Ndani ya mpaka huo, ndimu na siki zinatosha sana. Siki ya kawaida ina asidi kiasi cha asilimia 5. Itie kwenye chombo cha plastiki, zamisha zana, iache usiku kucha au mchana na usiku, kisha sugua kwa brashi ya waya au ile stilwaya ya masufuria. Tupa iliyojaa kutu hutoka hata na ukali kidogo, maana asidi hula mabonde ya meno yake na kuyachongoa. Makosa yanayoharibu kazi ni yaleyale. Kuna anayezamisha zana kwenye ndoo ya bati, asidi ikaanza kwa kula zinki ya ndoo. Kuna anayeongeza chumvi ili ndimu ing'ate zaidi. Inang'ata kweli, halafu chumvi iliyobaki kwenye vifundo inaialika kutu mpya kabla ya Jumapili. Na kuna anayemwaga soda nyeusi kwa sababu aliona mtu akisafishia sarafu. Soda ina asidi, sikatai, lakini ni kidogo, ndimu ni nafuu kuliko chupa yake, na ile sukari itakupa spana safi yenye sisimizi.

Mwenye subira zaidi atumie molasi, ile wanayolishwa ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, wiki moja hadi mbili, na kutu inaachia taratibu huku chuma kizima kikiguswa kidogo sana. Gharama yake ni heshima mtaani. Kwa joto letu pipa litachachuka, litatoa povu na harufu, na siku ya tano jirani atakuja na kikombe kuuliza gongo inauzwaje. Asiyetaka maelezo hayo atumie umeme: ndoo ya plastiki, maji, magadi soda kijiko kimoja au viwili, chaja ya betri ya gari. Waya wa hasi kwenye zana, wa chanya kwenye kipande cha nondo, na viwili hivyo visigusane. Ukizibadili nyaya utatengeneza nondo safi na kuila spana. Fanya nje penye hewa, bila sigara, kwa kuwa mapovu yale ni haidrojeni. Maji ya betri nayaweka nje ya orodha kabisa. Yanaondoa kutu kwa dakika chache, ni kweli, na yanaondoa pia ngozi, suruali, na uhai wa springi, ambayo hutoka inameta na kuvunjika siku ya kwanza ya kazi.

Sasa dakika tano. Chuma kilichotoka kwenye siki kimevuliwa nguo. Kiache na maji yake, uende kunywa chai, na ukirudi kimeshageuka rangi ya chungwa. Hapo ndipo watu huamua kwamba siki ni uongo na kwenda kununua kopo, ambalo nalo litashindwa kwa sababu hiyohiyo. Suuza kwa maji yenye magadi soda kuua asidi, futa, anika juani mpaka chuma kiwe cha moto mkononi, kisha paka mafuta kabla hakijapoa. Mafuta gani? Ya alizeti hapana; yakikaa hugeuka gundi, na koleo uliloliokoa kwenye kutu linakufa kwa mapishi. Oili chafu ni ya bure, lakini imebeba asidi na masizi ya injini, na si kitu cha kupaka mikononi kila siku. Mafuta ya mgando, yale ya kumpaka mtoto baada ya kuoga, yanafaa kuliko yote: hayachachi, hayageuki gundi, na utando mwembamba unatosha. Mama mtoto atahoji kopo linakwisha vipi wakati mtoto ni yuleyule mmoja. Hilo ni la kuzungumza nyumbani.

Anayeona nayatukuza mafuta kupita kiasi aende Kigoma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika ili adui asiipate, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka karibu minane tangu izamishwe. Spana yetu inashindwa kumaliza masika kwenye kabati.

Nimesikia pingamizi kwamba spana mpya za bei chee zimejaa madukani, kwa nini mtu ahangaike na ndimu. Jibu liko kwenye mdomo wa spana hizo: chuma chake laini hupanuka mara ya kwanza kikikutana na nati sugu, kikaiviringa nati, na ukawa na matatizo mawili. Spana kuukuu yenye kutu juu na chuma cha kufuliwa ndani ni mali, na mnunuzi wa vyuma chakavu anayeipima kwa kilo analijua hilo vizuri kuliko mwenye nayo. Wengine wanasema mafuta huvuta vumbi na kuchafua mkono. Ndiyo, kama unapaka kwa kuchota. Paka kwa kitambaa, kisha futa kana kwamba umejutia.

Pingamizi gumu ni la mafundi wazoefu: zana safi huazimwa. Boksi linalong'aa linaonekana kutoka barabarani, na mtaa mzima unakumbuka ghafla bolti zilizolegea, wakati spana yenye kutu hakuna anayeikumbuka. Kemia haina jibu hapo, nakiri. Ushauri pekee nilio nao ni kutenga namba 10, 12 na 13 za kuazimisha, zikae nje kwenye umande, na mtu asizisogezee ndimu.