Sifa za Jani la Mtini

Katika kisa cha Adamu na Hawa kila mhusika amepata wakili wake, isipokuwa mmoja. Nyoka alitetewa mapema: katika karne za mwanzo za Ukristo walikuwapo Waofiti, waliomheshimu kuwa ndiye aliyewaletea watu maarifa. Hawa anatetewa na wanateolojia wengi wa siku hizi, nao wana hoja. Adamu hahitaji wakili, maana wanaume wote ni mashahidi wake. Hata tunda, ambalo Biblia haikulitaja jina, limechorwa na kusifiwa mpaka limegeuka tofaa. Jani la mtini ndilo halina mtu. Leo nasimama kulisemea, kwa kuwa chanda chema huvikwa pete, na hili limevika watu lenyewe lisivikwe kitu.

Tuanze na maumbile yake. Ni jani pana lenye ndewe tatu hadi tano. Likamate uone: linakwaruza juu na chini. Lichume, na kwenye kikonyo utatoka utomvu mweupe. Ukikugusa kisha jua likakupiga, ngozi itawaka na pengine itatoka malengelenge. Lina ndugu huku kwetu, msasa, ambao majani yake mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijashika kazi hiyo. Sasa mtu mwenye bustani nzima ya kuchagua anaamua kuvaa jani hili, tena mahali pale. Nani atathubutu kusema Adamu hakuwa jasiri?

Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliliona jambo hilo. Alisema bustanini kulikuwa na majani mengi ambayo yasingemsumbua Adamu, naye akachagua linalowasha ili kuonyesha toba. Kumbe jani lilikuwa gunia la majuto kabla ya magunia kushonwa! Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alilisoma vingine katika kitabu chake cha Mji wa Mungu: mtu alipomwasi Muumba, mwili wa mtu nao ukamwasi mwenyewe, na jani likaitwa kuficha uasi huo wa pili. Kisha mwaka 1786 akaja Immanuel Kant na insha yake juu ya mwanzo wa historia ya binadamu. Yeye alidai kwamba jani lilihitaji akili kubwa kuliko ile iliyochagua tunda, kwa sababu mtu anapositiri kitu, tamaa yake huanza kujifunza adabu. Askofu mmoja ameona toba, mwenzake ameona aibu, mwanafalsafa ameona ustaarabu. Ni jani gani jingine limebebeshwa mizigo mitatu namna hiyo lisichanike?

Marabi wa Kiyahudi walilipenda zaidi. Walipobishana katika Talmudi juu ya mti uliokatazwa, Rabi Meir alisema ni mzabibu, Rabi Yuda akasema ni ngano, Rabi Nehemia akasema ni mtini wenyewe: kile kilichowaponza ndicho kilichowasitiri. Midrashi ya Mwanzo inaongeza kwamba miti mingine yote ilikataa kumpokea Adamu, mtini tu ukamfungulia mlango. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hata Kurani, katika sura ya Al-Araf, inawataja wawili hao wakijifunika majani ya Bustani, ingawa haikusema ni ya mti gani.

Linganisha mwenendo huo na wa wenzake siku ya kuhojiwa. Adamu alimtaja mkewe, na kwa chini chini akamtaja aliyempa mke huyo. Hawa alimtaja nyoka, na tangu hapo ukoo wetu una wimbo mmoja, kwa mjumbe na kwa hakimu: ni shetani tu alinipitia. Jani peke yake halikumtaja mtu. Lilikaa kiunoni kimya, likiwasha kwa uaminifu.

Na utumishi wake haukuishia Edeni. Mtaguso wa Trento ulipofungwa mwaka 1563, uongozi wa Roma uliona haya mbele ya watu uchi ambao Michelangelo aliwachora katika Hukumu ya Mwisho, akaajiriwa Daniele da Volterra awavike vitambaa. Kazi hiyo ikampa jina la utani la mshona suruali. Huko London, Malkia Victoria alipopewa nakala ya plasta ya sanamu ya Daudi mwaka 1857, jumba la makumbusho alilolikabidhi nakala hiyo lilitengeneza jani maalumu la plasta, likawa linaning'inizwa kwa kulabu mbili wageni wa kifalme wanapozuru. Wageni wakiondoka, jani nalo likapumzika.

Siku hizi limepanda cheo, linafanya kazi ofisini. Pesa za mradi zikiyeyuka, linaitwa tume ya uchunguzi. Dawa zikikosekana zahanati, linasema suala hilo linafanyiwa kazi. Shimo la barabarani likimeza pikipiki, linaitwa changamoto. Bila jani, viongozi wangapi wangeweza kusimama mbele ya kamera?

Wapo watakaolipinga kwa Maandiko. Watafungua Mwanzo sura ya 3 na kuonyesha kwamba majani yanashonwa katika aya ya 7, na katika aya ya 10 Adamu, akiulizwa yuko wapi, anajitetea kuwa alijificha kwa sababu yu uchi. Uchi gani, na nguo ameivaa? Tena alikuwa amekwisha kuongeza msitu mzima juu ya jani, akajibanza katikati ya miti. Ikifika aya ya 21, Mungu mwenyewe anawatengenezea mavazi ya ngozi, na kushona kote kule kunakuwa bure. Mficha uchi hazai, watasema.

Nakubali ushahidi, nakataa hukumu. Jani lilifanya kazi yake. Lilipangwa kituo kisicho chake. Kiuno hakikuvunja amri yoyote bustanini. Mdomo ndio uliokula, na mdomo huohuo ndio uliosingizia, lakini hakuna aliyefikiria kuufunika. Masaccio alilielewa hilo. Yapata mwaka 1425, katika kanisa moja la Firenze, alimchora Adamu akifukuzwa: mikono yote miwili iko usoni, huku chini ameachwa wazi. Karne ya 17 wakubwa wakaona haya, wakaamuru wachorewe majani yeye na mkewe. Miaka ya 1980 mafundi waliosafisha mchoro waliyafuta majani yale, na viganja vya Adamu vikaonekana vikiwa palepale vilipokuwa, usoni.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: jani la mtini halina hatia. Liliitwa ghafla, likaja bila mshahara, likashonwa na mafundi wasiokuwa na uzoefu, likastiri lilichoambiwa listiri. Mwenye kosa ni yule aliyeulizwa mahali alipo akajibu habari za mavazi. Nawe, msomaji, siku utakapoulizwa swali hilo na mwenye haki ya kukuuliza, toka nyuma ya mti useme ulipo na ulichokula. Jani usilivue; kujistiri si dhambi. Ila usilitume likajibu kwa niaba yako.