Barua kutoka London: Mji Uliomwachisha Kazi Makanga

Julai 2014 London na Nairobi zilipania jambo moja: kuondoa pesa taslimu garini. London ilitangaza tarehe 6, tarehe ikafika, na tangu siku hiyo mabasi ya mji huo hayapokei noti wala sarafu. Nairobi ilitangaza tarehe mosi, tarehe ikafika, na makanga akaendelea kukunja noti kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole, za mia huku, za hamsini kule, kana kwamba hakusikia lolote. Tarehe ikasogezwa. Makanga yupo hadi leo.

Wakenya waliohamia London wamekwisha kumzoea mrithi wake, kisahani cha manjano kilichopachikwa karibu na dereva. Hakiiti abiria, hakiringi, hakidaiwi chenji na mtu. Kazi yake ni kulia “bip”. Wageni wa kutoka nyumbani ndio wanaokiona cha moto.

Mama mmoja wa Umoja aliletwa Peckham na bintiye aliyejifungua. Siku ya kwanza kutoka nje alipanda basi namba 12 akiwa ameshika noti ya pauni 20 vizuri, ikionekana, kama mtu asiyetaka maneno na kondakta. Akamsalimia dereva aliyekaa nyuma ya kioo. Dereva akaonyesha kisahani. Mama akauliza nauli ni ngapi. Dereva akaonyesha tena. Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza, hakuna wa kumwambia “mama, songa,” na ukimya huo ulimtia wasiwasi kuliko kelele zote za Muthurwa.

Binti akagusa kadi yake ya benki, bip, akairudisha kumlipia mama. Taa nyekundu. Kwenye mabasi ya London kadi moja humbeba mtu mmoja.

“Mwambie nimekuzaa mimi,” mama akasema.

Binti hakuwa na wa kumwambia. Akatoa simu, ambayo ndani yake imo kadi hiyohiyo ya benki hiyohiyo, akaigusisha. Taa ya kijani! Kwa hesabu za mtambo, kadi ya plastiki na kadi hiyo ikiwa ndani ya simu ni abiria wawili tofauti, kwa kuwa simu hutuma namba yake yenyewe. Mama mzazi na bintiye wakapita kama watu wasiojuana.

Mambo haya hayakuja kwa usiku mmoja. Oyster, kadi ya nauli ya London, ilianza mwaka 2003. Desemba 2005 mabasi ya Routemaster, yale yenye mlango wazi nyuma na kondakta wa kukata tiketi, yaliondolewa kwenye huduma ya kawaida, njia ya mwisho ikiwa namba 159. Desemba 2012 mabasi yakaanza kukubali kadi za benki, na Septemba 2014 treni za chini ya ardhi zikafuata. Siku sarafu zilipokataliwa, waliokuwa bado wakilipa taslimu walikuwa kama abiria mmoja kati ya mia. London haikumpokonya mtu noti mkononi. Ilingoja miaka 11 mpaka mkono ukachoka wenyewe.

Na hapa lazima mji huu upewe haki yake. Nauli ya basi iliwekwa kuwa pauni 1.75 Machi 2023, uwe unakwenda kituo kimoja au unavuka nusu ya mji. Ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza, ukishuka na kupanda basi jingine hulipi tena. Mpango huo ulianza Septemba 2016 kwa kubadilisha basi mara moja tu, na tangu Januari 2018 unabadilisha utakavyo. Ukishatozwa nauli tatu kwa siku, yaani pauni 5.25, mabasi yaliyobaki ni bure mpaka siku iishe. Abiria haombi wala hanunui pasi asubuhi, mtambo unamhesabia. Mtu wa Umoja anayefanya kazi Westlands hulipa matatu ya kumfikisha mjini, kisha hulipa ya pili, na wingu likitanda jioni bei inapanda kabla tone halijaanguka. Mama alipoelezwa alitafakari kidogo, akauliza kama mvua ikinyesha London nauli hubaki ileile. Hubaki. Akataka kujua ni nani basi anayekula hasara.

Chini ya ardhi mambo ni magumu zaidi, kwa sababu huko unagusa ukiingia na ukitoka. Aliyeingia kwa simu akatoka kwa kadi huhesabiwa kuwa watu wawili waliopotea njiani, kila mmoja akatozwa nauli ya juu kabisa. Asiyegusa kabisa akikutwa na mkaguzi hudaiwa pauni 100, nusu yake akilipa ndani ya siku 21. Hakuna cha “nisaidie leo, bosi.”

Kazi ya kutaja vituo nayo ilichukuliwa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, yenye adabu, isiyopata mafua. Januari 2018 waliijaribu kwa tangazo jipya la kuwaonya abiria washike vizuri kwa kuwa basi liko karibu kuondoka. Ikawa linasikika basi likiwa limekwisha kuondoka, watu wameshaangukiana. Wenyeji walilicheka mtandaoni mpaka maneno yakabadilishwa. Makanga wa Githurai hupiga bodi mara mbili ndipo gari litoke. Hilo halijahitaji majaribio.

Kujua gari liko wapi ndiko kulikobadilisha maisha zaidi ya nauli. Mamlaka ya usafiri ya London iliamua kutoa takwimu zake bure kwa yeyote atakaye kutengeneza programu, na matokeo yake mtu anakunywa chai nyumbani mpaka simu imwambie basi liko dakika tatu. Nairobi haikuwa na mamlaka ya kutoa takwimu, kwa hiyo zilitafutwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu na kurekodi njia zaidi ya 130, steji hadi steji. Ramani ilitoka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo zikaingia kwenye Google Maps. Aliye Peckham leo anaweza kumwelekeza nduguye aliye Kayole.

Nauli ndiyo iliyokataa. Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay mwaka 2013. Kufikia 2015 ilikuwa imefungwa. Wengi walisema Wakenya hawakuwa tayari kwa teknolojia, maneno ya ajabu kwa nchi iliyoanza kutumia M-Pesa mwaka 2007. Ukweli ni kwamba matatu huendeshwa kwa hesabu ya siku. Mwenye gari anataka chake jioni, na dereva na makanga wanaishi kwa kinachobaki. Kadi ingemwonyesha mwenye gari kila shilingi, na kilichobaki kingeyeyuka. Ndiyo maana makanga huyohuyo aliyeikataa kadi sasa anakupa namba yake ya M-Pesa bila kinyongo: pesa inaingia kwake kwanza.

Kwa hiyo wakubwa wa uchukuzi wakija tena London kujifunza, wasirudi na picha za kisahani. Waulize ile nauli ya saa moja inaendeshwaje, na fidia ya mwenye basi inatoka wapi.

Nanyi mnaokuja kutembea, acheni kubadilisha sarafu za basi. Kila mtu aje na kadi yake, achague kama atatumia kadi au simu, na ashikilie hilohilo mpaka aondoke. Mtoto wa chini ya miaka 11 halipi basi. Huyo mleteni hivyohivyo.