Tume ya Mwani

(Shamba la mwani Paje, Unguja. Maji yanajaa. Samaki watatu: CHANGU ni mwenyekiti, TASI mshitakiwa, PONO shahidi. DEMA, mtego wa samaki, ni karani.)

CHANGU: Kikao kimefunguliwa. Mwani wa kina mama umepungua kambani. Tasi, simama!

TASI: Nisimame kwa mguu upi, mheshimiwa?

CHANGU: Acha masihara. Ulikula, hukula?

TASI: Nilikula, mzee wangu. Sisi ni wala majani, baba na babu. Mashamba haya yalianza 1989, mbegu zake zilitolewa Ufilipino. Babu zangu walikuwa wakichunga hapa kabla hakijakitwa kijiti hata kimoja.

CHANGU: Amekiri! Andika, karani.

TASI: Na wewe mwenyekiti, kila maji yakijaa wafuata nini humu?

CHANGU: Mimi jani siligusi. Nakula kaa, konokono na kamba.

TASI: Andika, karani: mwenyekiti naye hula kamba.

CHANGU: Kamba mwenye miguu! Si ya kufungia mwani!

TASI: Na huyo mwenye miguu hujificha wapi, kama si mwanini? Mezani pako, mheshimiwa, pametandikwa majani.

CHANGU: Tumsikie shahidi. Pono! Pono!

PONO: (anazinduka) Mmefikia chakula?

CHANGU: Shahidi alikuwa amelala.

PONO: Usingizi wangu watu wameufanya msemo, wewe waushangaa leo? Mimi nakwangua magugu yaliyoota kwenye matumbawe, jiwe nalisaga kooni, nalitoa mchanga. Wageni hutandika taulo juu yake wakisifu: laini kama unga! Hakuna anayeuliza umetoka kinu gani.

TASI: Basi mtazame huu mwani, ndugu zangu. Nikitafuna mimi, ncha hubaki na alama ya meno. Hizi zimekuwa nyeupe, zimelainika, zinakatika zenyewe. Huu ni ugonjwa, na huzidi maji yakipata moto. Aina ya kotoni, yenye bei nzuri, ilianza kufa. Kina mama wamebaki na spinosamu, ya bei ya chini.

CHANGU: Unataka tume ilishitaki jua? Nani atalipelekea wito?

PONO: Mwani wenyewe waenda wapi?

TASI: Ng'ambo. Utomvu wake huingia kwenye aiskrimu na dawa ya meno.

PONO: Basi kuna walaji wakubwa kuliko wewe.

TASI: Mimi hata mswaki sina.

CHANGU: Kimya! Tume imejiridhisha: joto halina mdomo, Tasi anao. Ana hatia. Posho zigawiwe.

DEMA: Usihuzunike, mwanangu. Nimekuwekea kitu humu ndani.

TASI: (ananusa) Mwani?

DEMA: Mbichi kabisa. Karibu, mlango u wazi.

TASI: Na wa kutokea?

DEMA: Hilo halikuwa kwenye hadidu za rejea.

(Asubuhi Tasi alinadiwa pwani. Shambani mwani uliendelea kuwa mweupe, na maji yalikuwa moto vilevile.)