Sifa za Kadi Isiyomfungulia Mtu

Majemadari wamesifiwa, maharusi wamesifiwa, hata ngamia wamesifiwa. Kadi ya Wi-Fi iliyo tumboni mwa laptopu ya mwaka 2002 haijapata hata ubeti mmoja. Dhuluma hiyo na ikome leo.

Sifa yake kuu ni ulinzi. Ilizaliwa na kufuli la WEP, lililotoka mwaka 1997. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha ufa wake. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, wakalifungua bila kumaliza dakika moja. Dunia ilikuwa imekwisha kuanza kuhamia kufuli la WPA mwaka 2003, kisha la WPA2 mwaka 2004. Kadi haikuhama. Ukiiwasha leo Obokote, mkoani Maniema nchini Kongo, mbele ya ruta mpya, inaliona jina la mtandao, inapokea nenosiri kwa adabu, inaandika “inaunganisha”, na inaendelea kuunganisha mpaka betri izime. Mwizi haingii. Jirani haingii. Mwenye mashine naye haingii. Ni askari gani mwingine anayemlinda bosi wake dhidi ya bosi mwenyewe?

Tena haili mega, haileti virusi, haikeshi na watoto.

Inakuza pia falsafa. Draiva mpya iko kwenye intaneti, na intaneti inangoja draiva. Basi mtu anaibeba laptopu hadi Kindu kwa fundi, anayetafuta kile kiraka cha Windows XP cha mwaka 2005 kinacholeta WPA2, anakiweka, anawasha upya, kisha anatikisa kichwa: kadi nyingi za kizazi hicho hazina saketi ya kupiga hesabu za AES ambazo WPA2 inazitegemea. Ushauri wa mwisho ni huu: “Papa, tutoe tu nenosiri kwenye ruta.” Yaani nyumba nzima ilale wazi ili mlinzi apate kuingia!

Hapo sifa zinakwama kooni. WPA ilibuniwa makusudi ili kadi kuukuu zipone kwa kubadilishiwa programu tu, lakini baadhi ya watengenezaji hawakujisumbua kuitoa programu hiyo. Walikuwa na kadi mpya za kuuza. Maniema inachimba kasiteriti, yaani mawe ya bati, huko Kalima na Punia, na bati lake ni la kulehemu saketi kama hizi. Linaondoka likiwa mawe ndani ya magunia. Linarudi likiwa laptopu ya “msaada”, na stika ya mfadhili juu ya mfuniko, hotuba, makofi na picha ya kupeana mikono. Hakuna aliyeiwasha laptopu yenyewe kwanza.

Basi mfadhili mpendwa, kabla hujafunga sanduku, iunganishe laptopu hiyo na ruta ya sebuleni kwako. Ikikataa huko, Obokote nako itakataa.