Sifa Njema za Injini Iliyojam

Magari yanayotembea yameshasifiwa vya kutosha. Peugeot 404 peke yake ilitwaa ubingwa wa Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani alikuwa nao Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Basi, hayo yameshapewa makombe. Mimi leo namtetea asiyepewa hata maji ya kunawa: 404 iliyokaa juu ya matofali chini ya mwembe, injini imejam, haizunguki hata unywele.

Tazama kwanza uchumi wake. Petroli hainywi, faini haipigwi. Mwizi akija usiku huondoka na betri, tena kwa kusikitika. Shemeji anayetaka kuazimwa gari la kupeleka mahari hupewa ufunguo papo hapo, kwa moyo mkunjufu: chukua, baba, nenda salama.

Lakini utukufu wake hasa uko kwenye kufundisha adabu. Fundi mwenye haraka huja na mnyororo, atake gari livutwe na lori huku liko gia ya pili, "litaachia tu lenyewe." Injini haibishani naye; inampindia konrodi, akahesabu hasara. Yenyewe inataka kuulizwa kwa utaratibu, kama mzee wa ukoo. Toa gia kwanza. Fungua mkanda wa feni, maana huenda aliyekwama ni pampu ya maji au dainamo, na injini inasingiziwa bure. Shusha stata, kwani meno yake huweza kung'ang'ania flaiwili. Kisha chomoa plagi zote nne. Silinda ikiwa imejaa maji, pistoni haitapanda, kwa sababu maji hayashindiliki kama hewa. Baada ya hapo ndipo unapotia spana kwenye nati ya puli ya kranki na kujaribu polepole.

Ikikataa kabisa, uko mbele ya mkaidi halisi. Injini ya silinda nne ikizimwa, popote itakaposimama, kuna valvu itakayobaki wazi. Kwa mlango huo unyevu huingia miaka yote ya mvua, na kutu ikazifungisha ndoa ringi na slivu. Ndoa hiyo haivunjwi kwa nyundo. Pistoni ni ya alumini, itakufia mkononi. Dawa ni kuchanganya nusu kwa nusu asetoni na ATF, yale mafuta mekundu ya gia boksi ya otomatiki, kuimimina kupitia matundu ya plagi na kungoja. (Sigara ya fundi ikae mbali.) Asiye nayo hutia dizeli na kungoja zaidi. Kila siku spana kidogo mbele, kidogo nyuma, bila hasira. Hapo kila mpita njia huwa mtaalamu: huyu anashauri soda, yule mafuta ya nazi, wa tatu anashauri uuze. Niambie ni gari gani jipya linalokusanya baraza kiasi hicho.

Tena ni mkaidi mwenye ukarimu. Slivu za 404 huchomolewa, kwa hiyo hata kutu ikizila, unabadilisha slivu na pistoni, bloku ikabaki ileile bila kuchongwa. Ikishaachia, mwaga oili yote na kutia mpya kabla ya kuiwasha, maana dawa imeshashukia chini.

Simsifu, hata hivyo, ndugu yake aliyejam barabarani kwa kukosa oili, beringi zikaungua. Huyo hakugoma. Huyo aliuawa, na muuaji ni mwenye gari asiyepima oili.

Kwa injini iliyojam ikiwa imelala, hatari ninayoiona ni moja tu: kupona. Ikiwaka, ndipo bima inapodai, matairi yanadai, na petroli haina siku ya mapumziko. Nawaomba basi wenye 404 juu ya matofali wasiiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla ya kuchomoa plagi na kutia dawa. Na dawa ikifanya kazi, shemeji asiambiwe.